Kabla hamjakodi hilo gari

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi, na wasalimie wote hapo nyumbani. Sisi wazima, mafua ya watoto yamekwisha. Nina haraka ya kufika kwenye neno lenyewe.

Zawadi ameniambia wewe na shemeji mnakwenda kuzunguka mashamba ya mizabibu, viwanda sita vya mvinyo kwa siku moja, na gari anaendesha shemeji. Tangu hapo sina raha. Nimetoka kutembezwa na kuonjeshwa huko juzijuzi tu, kwa hiyo nisikilize.

Piga hesabu. Mezani humiminiwi glasi nzima. Tuseme wanakupa mililita 30 za kila aina, na aina ni tano: hizo 150, glasi kamili ya mvinyo. Kwa viwanda sita ni mililita 900, na chupa ya kawaida ina 750! Kila mmoja wenu atakuwa amemaliza chupa na zaidi huku akidhani anaonja tu. Nani atashika usukani hapo?

Viwanda viwili vinatosha, Rehema, na wala sikunyimi raha, maana raha yenyewe iko kwenye kutulia. Dada aliyetutembeza alituanzia shambani. Alichuma zabibu nyeusi akaiminya, maji yakatoka hayana rangi! Wekundu wote uko kwenye ganda, ndiyo maana mvinyo mwekundu huachwa uchachuke pamoja na maganda yake. Na ule ukakasi unaokausha ulimi na ufizi hutoka humo humo, kwenye maganda na mbegu.

Kisha akainama akatuonyesha kovu chini ya shina, mahali mzabibu ulipopandikizwa. Miaka ya 1860 mdudu aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, alianza kuiangamiza mizabibu ya Ufaransa kwa kushambulia mizizi. Dawa ikapatikana kwao huyo mdudu: mizabibu ya Marekani ilishamzoea, basi wakulima wakachukua mashina yake na kupandikiza juu yake zabibu zao. Mpaka leo sehemu nyingi hufanya hivyo. Niligusa lile kovu, nikawaonea huruma waliotazama mashamba yao yakikauka bila kujua kinachoyala. Ungekuwepo ungeelewa. Mtu mwenye viwanda vitano vingine mbele yake hana muda wa kuinama aone kovu.

Ghalani ni baridi na giza, mapipa ya mwaloni yamepangwa mpaka mwisho. Pipa la kipimo cha Bordeaux, eneo la mvinyo huko Ufaransa, huchukua lita 225. Mwaloni huupa mvinyo harufu ya vanila, na pengine moshi kidogo.

Mezani sasa: shika glasi kwenye mguu wake ili mkono usiupashe mvinyo moto. Nusa kwanza, zungusha, nusa tena. Utashangaa harufu zilivyobadilika. Onja kidogo, uzungushe mdomoni, halafu TEMA. Najua utaona haya, ila ndoo imewekwa kwa kazi hiyo, na wanaoonja kwa kazi ndivyo wafanyavyo kutwa nzima. Mzee mmoja pale mezani alisema mvinyo unaotiririka machozi mengi kwenye glasi ndio bora. Dada akamweleza kwa upole kwamba machozi yale huletwa na pombe inavyokauka kwenye kioo, ubora hauonekani hapo.

Na manukato siku hiyo uyaache, hata yale unayoyapenda. Yatafunika kila kitu, tena kwa meza nzima.

Narudi kwa shemeji. Hata anayetema, kiasi fulani humwingia mwilini. Asiambiwe kwamba akitema basi anaweza kuendesha. Tafuteni dereva, au muende na gari la kikundi.

Haya niambie: nafasi mmeshaweka, au mnategemea kufika tu? Mmeuliza kama shambani wanatembeza, au ni mezani peke yake? Mnakwenda wakati wa mavuno? Zawadi naye yumo safarini, maana hakunijibu vizuri? Mtoto anabaki na nani? Na shemeji, atakasirika ukimsomea barua hii? Msomee hivyo hivyo. Nijibu kabla hamjalipia gari, tafadhali.

Wako akupendaye,
Neema