Risala ya Kikundi cha Wanawake cha Kuweka na Kukopa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Harambee ya Mfuko wa Ukombozi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Mchungaji na Wazee wa Kanisa,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Bwana Yesu asifiwe!

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuuitikia mwaliko wetu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako saa ileile uliyotuahidi kumetupa moyo sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2016 kikiwa na akina mama 12, baada ya ibada, chini ya mwembe ule pale. Leo tuko 34. Tumesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kila Jumamosi tunanunua hisa za shilingi 2,000, tunachangia mfuko wa jamii, na kisanduku chetu kina kufuli tatu na washika funguo watatu.

Mafanikio yetu ni makubwa sana. Tumenunua viti 40 na sufuria mbili ambazo sasa zinahudumia misiba ya mtaa mzima, wawe Wakristo au Waislamu. Kila mwanachama anaandika bajeti ya nyumba yake, akianza na fungu la kumi na akiba kabla ya matumizi. Aidha, tulikubaliana kuwa hatutashona sare mpya kila sherehe. Vitenge unavyoviona leo ni vya mwaka juzi, na tumevivaa kwa furaha, kwa kuwa Mtume Paulo anamwandikia Timotheo kwamba utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa. Changamoto za ofisi na madaftari zipo, leo hatuziombei.

Mheshimiwa, tunaloliomba leo ni moja tu: utusaidie kuwakomboa wenzetu kutoka kwenye mikopo ya kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kubwa na marejesho ya kila siku.

Kisanduku chetu kinafunguliwa Jumamosi, lakini mtoto haugui kwa ratiba. Mwenzetu mmoja, muuza maandazi, alikopa mtaani shilingi 150,000 mwanaye alipolazwa. Walikata ada papo hapo, akapewa 135,000. Marejesho ni 6,500 kila siku kwa siku 30, yaani 195,000, wakati faida ya maandazi kwa siku haizidi 5,000. Tulipomtembelea alifunga daftari haraka. Baadaye alitufungulia mwenyewe. Upande mmoja ameandika unga, mafuta, sukari, mkaa. Upande wa pili neno "rejesho" limejipanga kutoka juu hadi chini, na kuanzia siku ya tisa pembeni yake kuna alama za mkopo wa pili, aliouchukua ili kulipa wa kwanza. Kijana wa marejesho alikuwa anafika saa moja asubuhi, anakaa kwenye benchi la wateja mpaka apewe. Siku moja aliondoka na mtungi wa gesi.

Mithali zinasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Sisi tumeuona utumwa huo kwenye benchi la maandazi.

Wanachama wenye madeni ya namna hii ni 11, na jumla wanadaiwa shilingi 3,860,000. Desemba iliyopita wanachama wote, pamoja na wajane wawili wanaoishi kwa kuuza mchicha, waliacha faida ya mgao wao ibaki kisandukuni kwa ajili ya wenzao. Hakuna aliyelazimishwa. Ikapatikana 1,240,000. Zimebaki shilingi 2,620,000, na ndizo tunazokuomba wewe na wageni uliofuatana nao. Hazitaliwa. Mwanachama akikombolewa atarudisha shilingi 10,000 kila wiki bila riba, na fedha hiyo itasubiri dharura ya mwingine, ili asikimbilie mtaani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukuombe radhi kwa hili tunalosema. Katika harambee ya mwaka 2023 tuliahidiwa milioni mbili, tukapiga vigelegele. Tuliambiwa tufungue akaunti, tukafungua. Tuliambiwa tulete andiko, tukalipia kuchapisha. Tuliandika barua tatu za kukumbushia, na nakala zake ziko kwenye faili la Katibu. Hadi leo hatujajibiwa. Mbaya zaidi, wenzetu wawili walikopa mtaani wakitegemea ahadi ile, na majina yao yamo katika hao 11.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba leo tusiandike ahadi. Mhubiri anasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Ukiwa na laki moja mkononi, tupatie hiyo laki moja, na tutaishangilia kuliko milioni ya mwezi ujao, maana laki moja inamtoa kijana wa marejesho kwenye benchi la mtu kesho asubuhi. Hatutamsema aliyetoa kidogo, kwa kuwa Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu.

Mweka Hazina wetu yuko meza ya kushoto na kitabu cha stakabadhi, na washika funguo wote watatu wamekuja na funguo zao. Kisanduku kitafunguliwa mbele yako, kitahesabiwa mbele yako.

Mungu akubariki sana.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama