Goita siyo lazima kisu, tudai ultrasaundi yenye maelezo ya kueleweka

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, maana huku kwetu kanda ya ziwa mtu akishika shingo akakuta kinundu, wazo linalomjia kichwani ni kansa tu, kesho yake anatafuta mteja wa ng'ombe ili akapasuliwe.

Jamani, vinundu vya tezi ya shingo vikiwa 100, karibu 90 au zaidi siyo kansa! Na kinachosaidia kuvichambua ni ultrasaundi, hiyo hiyo wanayopimwa wajawazito, haina mionzi wala haiumi. Daktari wa picha anaangalia kama ndani ni maji au nyama, ni cheusi kiasi gani kwenye skrini, kimesimama kuliko kilivyolala, kingo zake zikoje, na kama kuna vidoti vyeupe. Wamarekani mwaka 2017 walitoa utaratibu wa kuvipa alama hivyo vitu vitano, unaitwa TI-RADS, daraja la 1 mpaka la 5. La 1 na la 2 hata sindano ya kuchukua sampuli huchomwi, la 3 mpaka kifike sm 2.5, la 4 sm 1.5, la 5 sm 1. Sasa kama hata sindano siyo ya kila mtu, kisu je?

Wifi yangu anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, hospitali moja walimpa karatasi ya mstari mmoja, "goita, apelekwe upasuaji", basi, akaanza kukopa kikoba. Tukamshawishi apime tena kwa daktari mwingine, huyo alimpaka jeli akapitisha kifaa shingo nzima mpaka kwenye tezi za pembeni, akamgeuzia skrini aone mwenyewe kinundu kimejaa vitundu vitundu kama sponji, daraja la 1, akamwambia rudi kwenye biashara yako. Na biashara yenyewe ni ya kuita wateja, mishipa inayoendesha sauti imepita nyuma ya tezi hapo hapo, ikiguswa kwenye operesheni sauti inaweza kukwama, na tezi ikitolewa yote ni vidonge kila siku maisha yako yote.

Sisemi watu wakimbie upasuaji. Kama kinabana pumzi, chakula hakipiti, au sindano imeonyesha kansa, nenda ukapasuliwe na usikae nyumbani unakunywa mizizi. Wala sisemi wazima wapange foleni kupimwa shingo, Korea Kusini walifanya hivyo, mwaka 2011 waliogundulika na kansa ya tezi walikuwa mara 15 ya wale wa 1993 lakini vifo vilibaki pale pale, yaani watu kibao walikatwa shingo bure.

Ninachoomba kwa hospitali zetu ni ripoti iliyokamilika: urefu, upana na kina cha kinundu, kilivyo ndani na kingo, na daraja lake, halafu mgonjwa apewe na picha zake aondoke nazo. Mtu katoka Ukerewe na meli, kalala kwa ndugu Igoma, akifika kwa daktari wa upasuaji anaambiwa ripoti haieleweki kapime upya, nauli nyingine hiyo na hela ya kipimo nyingine, wengi wanachoka wanasema bora nikatwe yaishe.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza