Ule uwiano wa rangi wa Mshtarii

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi, natumaini nyumbani hawajambo. Umeuliza kama uwiano wa rangi, yaani mwanga wa mawimbi marefu uliogawanywa kwa ule wa mawimbi mafupi, kwenye data za aurora (mng'ao wa karibu na ncha) ya sayari ya Mshtarii ni wa kuaminika. Ni wa kuaminika, ila kwa masharti.

Elektroni zinazoshuka kwenye uga wa sumaku hugonga molekuli za hidrojeni karibu na ncha za sayari, nazo hutoa urujuanimno, sehemu kubwa kati ya nanomita 80 na 170. Methani ni nzito kuliko hidrojeni, kwa hiyo hubaki chini, na humeza sana mawimbi mafupi kuliko nanomita 140. Ndiyo sababu tunagawanya mwanga wa nanomita 155–162 kwa ule wa 123–130. Jibu ndilo uwiano wa rangi; pasipo methani njiani, ni takriban 1.1. Likipanda, ujue elektroni zilikuwa na nguvu ya kupenya hadi kwenye methani yenyewe.

Usijaribu kulipanua dirisha la chini, yaani lile la 123–130, ili upate fotoni (chembe za mwanga) zaidi. Kwenye 121.6 kuna Lyman-alfa, mstari mkali wa mwanga wa hidrojeni, ambao atomu za hidrojeni zilizo juu huutawanya, na kwa Hubble, darubini iliyo angani kuzunguka Dunia, hidrojeni inayoizunguka Dunia hung'aa papo hapo. Kwenye 130.4 unakutana na mng'ao wa oksijeni ya kwetu Duniani.

Kwanza rekebisha unyeti wa kigunduzi kwa kila urefu wa wimbi. Ukigawanya namba ghafi, unapima kifaa, si sayari. Kisha ondoa mwanga wa Jua unaoakisiwa: kwenye upande wa mchana mwanga huo huongezeka kuanzia 155 kwenda juu na kukuza uwiano bure. Ili kujua kiasi cha kuondoa, chukua eneo lisilo na aurora linalopigwa na Jua kwa pembe ileile.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kugawanya pikseli moja moja halafu kutafuta wastani. Fotoni za dirisha la chini zikiwa chache, wastani huo huvutwa juu. Jumlisha kwanza, gawanya baadaye. Lakini usijumlishe muda mrefu ovyo: Mshtarii huzunguka kwa saa 9 na dakika 55, yaani nyuzi 6 hivi kila dakika 10. Hata ukizipanga picha zifuate mzunguko huo, doa la aurora linalosababishwa na Io, mwezi wa Mshtarii, litachujuka, kwa maana lenyewe humfuata Io.

Ukingoni mwa diski mwanga hupita methani kwa mshazari, kwa hiyo uwiano hupanda hata elektroni zikiwa zilezile. Mimi ningeitupa sehemu hiyo yote. Na kwa data za Juno, chombo kinachozunguka Mshtarii, angalia kelele: elektroni za mikanda ya mionzi hupenya kinga na kuhesabiwa kana kwamba ni fotoni. Zikadirie kwenye sehemu ya kigunduzi isiyopokea mwanga.

Nitumie jumla za madirisha yote mawili kabla hujagawanya, pamoja na pembe ya kutazama.

Wako,
Hamisi