Maandalizi ya kompyuta kabla ya kikao cha Jumamosi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kikao chetu cha uchambuzi wa data za darubini za redio kitafanyika Jumamosi hii, saa 3:00 asubuhi, katika chumba kile kile cha kompyuta. Naomba kila mmoja afike akiwa ameshasakinisha CASA, programu ya kuchakata data za darubini hizo, kwa kuwa intaneti ya pale haihimili watu wote kupakua kwa pamoja.

1. CASA imetengenezwa kwa ajili ya mifumo ya kompyuta ya Linux na macOS. Mwenye Windows afungue PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, aandike wsl --install ili aweke Linux ya Ubuntu ndani ya Windows, kisha aiwashe upya kompyuta. Ubuntu itamwomba jina na nywila. Anapoandika nywila hakuna herufi itakayoonekana kwenye skrini, na hilo ni jambo la kawaida, hivyo asisite kuendelea.

2. Pakueni CASA kutoka tovuti ya NRAO (taasisi ya Marekani ya unajimu wa redio), mlifungue faili kwa amri tar -xf ikifuatiwa na jina la faili, na kabla ya kuiwasha mara ya kwanza mtengeneze folda kwa amri mkdir -p ~/.casa/data, kwani bila folda hiyo programu haitaweza kujipakulia data inazozihitaji.

3. Mchango wa chai ni Sh 3,000, kwa mweka hazina, kabla ya Alhamisi jioni.

Asiye na bando la kutosha aniambie mapema, nimwekee faili kwenye flashi.

Tafadhali thibitisheni hapa kufikia Ijumaa saa 12:00 jioni kwa kuandika "tayari", au mtume picha ya ujumbe wa hitilafu ili tusaidiane usiku huo huo.