Malalamiko Kuhusu Projekta za Taa za Gari Zinazomulika Upande Usio Wetu

Mbezi,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vipuri na Mapambo ya Magari,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA PROJEKTA ZA TAA ZILIZOTENGENEZWA KWA NCHI ZINAZOENDESHA KULIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja niliyenunua dukani kwenu boksi moja la vifaa vya kubadilishia taa za mbele za gari, lenye projekta mbili za LED za inchi 2.5 (vifaa vyenye lenzi vinavyofungwa ndani ya taa ili kuelekeza mwanga), mkanda wa gundi ya butili, waya zake na karatasi ya maelezo ya Kiswahili, kwa shilingi 260,000 kama inavyoonekana katika nakala ya risiti niliyoiambatanisha. Kabla ya kutoa fedha nilimweleza muuzaji wenu kwamba gari langu ni Toyota Probox linalotumia balbu ya H4, kwamba kazi nitaifanya mwenyewe nyumbani, na kwamba nahitaji projekta inayotoa dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa juu) katika kifaa kimoja, kwa kuwa balbu ya H4 ina nyuzi zote mbili ndani yake, ya wati 60 kwa fulu na ya wati 55 kwa dimu. Alinijibu kwamba vifaa hivyo "vinaingia gari zote". Maneno hayohayo yamechapishwa kwenye boksi.

Sikukimbilia projekta kwa ajili ya urembo. Vioo vya taa zangu, ambavyo kwa kweli si vioo bali ni plastiki ya polikaboneti, vilikuwa vimeshakuwa vya njano kwa jua, nami nilikwisha kuvisugua kwa msasa wa maji na kuving'arisha mara mbili. Tatizo lililobaki lilikuwa ndani, ambako bakuli linaloakisi mwanga lilikuwa limefifia, na bakuli la namna hiyo halifutwi kwa kitambaa wala spiriti bila kuondoa utando wake wa alumini. Ndipo nikaamua kuifungua taa na kuweka projekta.

Nianze na karatasi yenu ya maelezo, kwa sababu ilikaribia kunitia hasara kabla hata ya kuzifikia projekta zenyewe. Inaagiza taa iwekwe ndani ya oveni kwa "digrii 200" ili gundi ya kiwandani ilainike. Haisemi ni digrii za kipimo gani. Oveni za majumbani hapa kwetu zimeandikwa kwa Selsiasi, na polikaboneti huanza kulainika kwenye nyuzi 147 hivi, kwa hiyo mteja atakayetii maelezo yenu kama yalivyo ataitoa taa yake ikiwa imepinda na haina matumizi tena. Naamini aliyetafsiri maelezo hayo aliikuta namba 200 ya Farenhaiti, ambayo ni sawa na nyuzi 93 za Selsiasi, akaiandika namba na kuiacha herufi. Mimi nilitumia nyuzi 95 kwa dakika kumi, katika oveni ambayo mke wangu huiokea keki za kuuza (ruhusa yake ilipatikana kwa masharti ambayo hayahusiani na barua hii), na taa ikafunguka bila ufa. Nilinusurika kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi na namba ile, wala si kwa msaada wa maelezo yenu.

Sasa nije kwenye lalamiko lenyewe.

Kama mnavyojua, ndani ya projekta kuna kibati kinachosimama kati ya chanzo cha mwanga na lenzi. Kibati hicho huzuia sehemu ya chini ya mwanga, na kwa kuwa lenzi hupindua picha, kivuli chake hutokea juu, na hicho ndicho kinachofanya mwanga wa dimu uwe na mstari mkali ambao juu yake ni giza. Mstari huo haujanyooka wote. Upande mmoja uko bapa ili usimchome macho dereva anayekuja mbele, na upande wa pili hupanda kwa pembe ya nyuzi 15 ili kumulika ukingo wa barabara, vibao na watembea kwa miguu. Katika nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya, Uganda na Japani ambako magari yetu mengi hutoka, mstari hupaswa kupanda kushoto. Katika nchi zinazoendesha kulia hupanda kulia. Projekta mlizoniuzia hupanda kulia.

Sikuligundua jambo hili siku ya kwanza, na nakiri kwamba sehemu ya lawama ni yangu, maana ningeziwasha projekta mezani kwa betri kabla ya kuzifunga ndani ya taa ningeliona. Uwanja wa nyumba yangu ni mfupi, kutoka bampa hadi ukutani hakuna hata mita tatu, na kwa umbali huo mwinuko wa mstari ulionekana kama kasoro ndogo tu ya kufunga. Usiku uliofuata niliendesha kutoka Mbezi kuelekea Kibaha kwa Barabara ya Morogoro. Karibu kila lori na basi nililopishana nalo lilinimulika kwa fulu, nami nikawa natazama alama ya bluu ya fulu kwenye dashibodi kila mara kuhakikisha kwamba niko kwenye dimu. Nilikuwa kwenye dimu safari nzima. Upande wangu wa kushoto, ambako watu walikuwa wakitembea na waendesha baiskeli wasio na taa wakipita, palikuwa na giza kuliko nilivyozoea kwa taa za zamani. Nilikatisha safari na kurudi nyumbani polepole.

Jioni iliyofuata niliomba ruhusa ya kutumia ukuta mrefu wa shule ya jirani, nikasimamisha gari mita 10 kutoka ukutani mahali pasipo na mteremko, nikaweka alama ya usawa wa taa na alama nyingine sentimita 10 chini yake, ambako mstari wa dimu unatakiwa kukaa kwa umbali huo. Sehemu bapa niliilinganisha na alama ya chini bila shida. Lakini mita moja tu kulia kwa katikati ya mwanga, mstari ulikuwa umekwisha kupanda hadi sentimita 17 hivi juu ya usawa wa taa yenyewe, na ulikuwa bado unapanda. Hapo ndipo macho ya dereva anayekuja yanapokuwa. Picha za ukuta huo, zenye utepe wa kupimia, nimeziambatanisha.

Nilipowapigia simu nilipewa majibu matatu kwa siku tatu, na kila jibu lilitoka kwa mtu tofauti. Wa kwanza aliniambia nizishushe taa. Nimefanya hesabu hiyo: ili mwanga wa kulia ushuke mpaka usawa wa taa pale kwenye mita moja, mstari mzima unapaswa kushuka sentimita 27 katika mita 10, na kwa taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini maana yake ni kwamba mwanga utaishia mita 26 mbele ya gari. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa umbali huo huisha kwa sekunde moja na kidogo. Wa pili aliniambia fundi yeyote wa umeme anaweza kukigeuza kibati. Katika projekta hizi kibati kimepindwa kufuata umbo la lenzi, na kimefungwa kwenye sumaku inayokishusha pale ninapowasha fulu, hivyo ukikigeuza kinyumenyume mstari unapoteza ukali wake na fulu haifanyi kazi. Wa tatu alisema kwamba boksi limekwisha kufunguliwa na gundi imekwisha kutumika, kwa hiyo fedha hairudi. Naomba mnieleze ni kwa njia gani mteja angejua upande wa mwanga bila kufungua boksi, ikiwa boksi lenyewe halijaandikwa upande.

Sisemi kwamba projekta hizi ni mbovu. Zimetengenezwa vizuri, na mngeleta mzigo huu Kigali au Bujumbura usingekuwa na kasoro, kwa kuwa Rwanda na Burundi huendesha kulia. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam hubadili upande anapovuka mpaka wa Rwanda pale Rusumo. Taa zangu hazivuki Rusumo.

Kwa hiyo naomba mnirudishie shilingi 260,000, au mnipe jozi ya projekta za nchi zinazoendesha kushoto pamoja na gundi mpya ya butili, kwa kuwa ile ya kwanza haitafaa baada ya taa kufunguliwa tena. Naomba pia mzitoe rafuni jozi zilizobaki za mzigo huu hadi zitakapokaguliwa, mkiwasha moja moja mbele ya ukuta, na muwapigie simu walionunua kabla yangu, kwani namba za simu mlituandikisha kwenye risiti. Karatasi ya maelezo irekebishwe isomeke nyuzi 95 za Selsiasi, na iongezwe onyo kwamba taa zilizogandishwa kwa gundi ngumu, kama zilivyo nyingi za magari mapya, hazifunguki kwa joto hilo.

Nitasubiri majibu yenu ya maandishi kwa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, nitapeleka nakala yake na viambatanisho vyote kwa Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inashughulikia pia wauzaji wanaowapotosha walaji kuhusu bidhaa.

Kwa sasa gari linatembea mchana peke yake. Mkitaka kuthibitisha niliyoyaeleza, niko tayari kulileta dukani kwenu siku yoyote kabla giza halijaingia. Ukuta wa ghala lililo nyuma ya duka unatosha kwa mita 10, nimekwisha kuupima.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu,
Mbezi, Dar es Salaam.