Mali bila daftari: barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kutunza mawe

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliosomea jiolojia, na ninyi mnaokaribia kuimaliza, ambao mmeanza kuulizana kama kuna riziki nje ya mgodi na kisima cha mafuta. Mmekuwa mkiniletea swali lile lile, mmoja mmoja: je, mtu anaweza kuishi kwa kazi ya kutunza mawe kwenye makumbusho? Nimeifanya kwa miaka 34, kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja. Inawezekana. Ila wengi huja kwetu kwa sababu wanapenda mawe, na mapenzi hayo, ingawa ni mazuri, hayatoshi. Sehemu kubwa ya kazi hii haiko kwenye jiwe. Iko kwenye karatasi ndogo iliyolala chini yake.

Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa kabati moja la visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vya kombe na konokono wa bahari, nikaambiwa niondoe vumbi. Nilikuwa na nguvu, na nilitaka nionekane mchapakazi. Nikazitoa lebo zote nikaziweka kwenye bakuli, nikavimwaga visukuku mezani, nikapiga brashi droo moja baada ya nyingine. Jioni kabati liling'aa. Mzee aliyekuwa mkuu wa stoo akaingia, akalitazama lile bakuli kwa muda mrefu, kisha akachukua kisukuku kimoja akaniuliza, "Hiki kimetoka wapi?" Sikujua. Akachukua cha pili. Sikujua. Tukahesabu pamoja: vielelezo 43 havikuwa na namba yoyote iliyoandikwa juu yake, vilitegemea lebo tu. "Asubuhi hivi vilikuwa ushahidi," akasema. "Sasa ni mawe ya kupendeza." Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku ile methali ya wahenga, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, naisikia kwa sauti yake. Kisukuku husema jambo pale tu tunapojua kilitoka mahali gani, katika tabaka lipi la mwamba, nani alikiokota na lini. Ukiyajua hayo, kombe dogo la bahari linaweza kukuonyesha kwamba nchi kavu ya leo ilikuwa sakafu ya maji, na kwamba mwamba huu na ule ulioko mbali sana uliwekwa katika zama moja. Usipoyajua, unacho kitu cha kuwapa watoto wakishike. Nako ni kufaa, lakini hakikukusanywa kwa ajili hiyo.

Tazameni yaliyompata dinosaria aitwaye Spinosaurus. Mifupa yake ilifukuliwa Misri mwaka 1912, na Ernst Stromer, mtaalamu wa visukuku kutoka Ujerumani, akaieleza kitaalamu mwaka 1915. Aprili 1944 mabomu yaliliangukia jengo la makumbusho mjini Munich lililohifadhi mifupa hiyo, ikateketea. Lakini Stromer alikuwa ameacha vipimo, maelezo na michoro makini. Karne moja baadaye, wataalamu walipotangaza mwaka 2014 mifupa mipya kutoka Moroko, walikuwa na kitu cha kuilinganisha nacho: karatasi za Stromer. Mfupa ulikufa, daftari likaishi. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake kabisa; mikononi nilibaki na visukuku vizima, visivyo na ufa hata mmoja, na havikuwa na la kusema.

Kwa hiyo jambo la kwanza mtakalofundishwa na mtu anayejua kazi ni kuandika namba. Unapaka juu ya sehemu isiyo na umuhimu tabaka jembamba la Paraloid B-72, ambayo ni resini inayoyeyuka kwa asetoni. Likikauka unaandika namba kwa wino mweusi wa kudumu, halafu unafunika kwa tabaka la pili. Atakayetaka kuifuta miaka 50 ijayo ataifuta bila kulijeruhi jiwe. Kanuni hiyo hiyo mtakutana nayo kwenye gundi, kwenye rangi, kwenye kila kitu: usifanye jambo ambalo ajaye hawezi kulitengua.

Lebo ya zamani nayo haitupwi, hata kama imekosea. Kielelezo kikongwe huwa na lebo tatu au nne katika kisanduku kimoja: ya aliyekiokota, ya muuzaji, ya mtunzaji wa kwanza, ya mtaalamu aliyebadilisha jina. Zisomeni kama mnavyosoma tabaka za mwamba, ya chini kwanza. Jifunzeni kusoma miandiko ya kale. Nimeona shahada za juu zikishindwa na herufi moja iliyoandikwa kwa wino uliofifia, na karani asiye na shahada akaisoma kwa sababu ameizoea leja ya mwandishi yule.

Mkisoma namna hiyo mtaanza pia kuona majina ambayo hayapo. Mary Anning, mwokotaji na muuzaji wa visukuku, alifukua Lyme Regis, nchini Uingereza, kiunzi kamili cha plesiosaria, mtambaazi wa kale wa baharini, mwaka 1823, na vingine vingi kabla na baada ya hapo. Vingi alivyouza viliingia makumbusho kwa majina ya mabwana walionunua na kutoa zawadi. Kule Tendaguru, kusini mwa Tanzania, mamia ya wafanyakazi wenyeji walichimba na kubeba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, mifupa ambayo leo iko Berlin. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo jina lake likapewa dinosaria mmoja, Australodocus bohetii. Mnapoandika rekodi mpya, jazeni nafasi ya mwokotaji kwa jina la aliyeinama akaokota. Hifadhidata nyingi zina sehemu hiyo, na wengi huijaza jina la kiongozi wa msafara kwa mazoea tu.

Sasa niwaambie jambo ambalo vyuo vingi vya jiolojia havifundishi: mawe huoza. Tumelelewa na msemo kwamba akiba haiozi, na mtu akiwa na jiwe mkononi huona msemo umetimia. Fungueni droo yenye visukuku vya pairiti, madini ya chuma na salfa, iliyoachwa kwenye hewa yenye unyevu. Mtakuta unga wa kijivu au wa njano, harufu ya salfa, na kisukuku kimepasuka vipande. Pairiti ikikutana na oksijeni na maji hugeuka kuwa salfeti ya chuma na asidi ya salfuriki. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 mambo huenda mbio. Na asidi ile huanza kula nini? Kisanduku, na lebo. Nimeshika kisukuku ambacho nusu yake ilikuwa bado nzima, na lebo yake imekuwa majivu ya kahawia. Tiba ipo: kusugua unga kwa brashi kavu, kuiondolea asidi makali, kukifungia kielelezo kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vifyonza unyevu na oksijeni. Tiba bora zaidi ni kufungua droo mara kwa mara na kunusa. Pua yenu ni chombo cha kazi.

Kila madini yana adui wake. Rialga, ambayo ni nyekundu ya kuvutia, hugeuka unga wa njano ikiachwa kwenye mwanga. Chumvi mwamba huanza kuyeyuka yenyewe unyevu ukifika asilimia 75. Kabati zuri la mwaloni, lile ambalo kila mgeni hulisifu, hutoa mvuke wa asidi unaotafuna magamba ya kombe. Mtunzaji huyajua haya kabla hajaamua nini kiende kwenye kioo cha maonyesho na nini kibaki gizani, na mara nyingi atalazimika kumwambia mkurugenzi "hapana" kuhusu kielelezo kizuri kuliko vyote.

Jikingeni na ninyi wenyewe pia. Nawajua: uwandani mnalamba mwamba ili muone chembe zake vizuri. Tabia hiyo iacheni mlangoni. Ndani ya droo hizo kuna madini ya aseniki, kuna sinaba yenye zebaki, kuna nyuzi za asbesto zinazofanana na hariri. Madini ya urani hutoa gesi ya radoni, ambayo hujikusanya kwenye kabati lililofungwa. Ulizeni chumba hicho kinapitishaje hewa kabla hamjafungua, na msione haya kuuliza siku ya kwanza ya kazi.

Mtaniuliza, kwa nini mtu ateseke hivyo kwa vitu ambavyo havitazamwi? Kwa sababu vifaa vya kuvitazamia bado vinazaliwa. Wanaanga wa Apollo walileta kilo 382 za mawe na udongo wa Mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972. Kuna waliokuwa na busara ya kusema kwamba sehemu yake isiguswe. Mrija mmoja wa udongo uliochukuliwa na Apollo 17 Desemba 1972, ukafungwa ukiwa bado Mwezini, ulifunguliwa Machi 2022. Waliotunza mrija ule kwa karibu miaka 50 hawakupata kuandika ugunduzi juu yake. Walihakikisha tu kwamba haukuvuja, na kwamba karatasi zake hazikupotea. Baadhi ya wataalamu walioupokea hawakuwa wamezaliwa ulipofungwa. Ninyi mtakuwa watu wa namna hiyo, na lazima muamue mapema kama moyo wenu unaweza kuridhika nayo. Asiyeweza si mtu mbaya. Aende kwenye utafiti, atatuletea vielelezo.

Kuhusu ajira nitasema wazi. Nafasi ni chache. Makumbusho makubwa huwa na mtunzaji wa madini, wa visukuku na wa vimondo kila mmoja peke yake, pamoja na mafundi wa kuvitoa visukuku kwenye mwamba, msajili, na watu wa kupiga picha na kuingiza rekodi kwenye kompyuta. Makumbusho madogo humpa mtu mmoja mawe, mende na mikuki. Nafasi nyingi za kuanzia leo ni mikataba mifupi ya kuingiza rekodi za zamani kwenye hifadhidata. Msiidharau kazi hiyo. Miezi 12 ya kusoma leja itakufundisha mkusanyo kuliko miaka mitatu ya kupita mbele ya makabati. Kujitolea pia ni mlango, nami niliingia kwa mlango huo, lakini uwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Taasisi inayomwacha kijana afanye kazi ya kitaalamu mwaka baada ya mwaka bila malipo inamdhulumu, na inawafungia mlango wote wasio na wa kuwalisha.

Shahada ya jiolojia iwe msingi. Juu yake ongezeni kemia ya vitu vinavyooza, upigaji picha, na uzoefu wa hifadhidata. Watafuteni wenzenu: Geological Curators' Group iko tangu mwaka 1974, na chama cha kimataifa cha watunzaji wa makusanyo ya viumbe na mawe, SPNHC, tangu 1985. Mtunzaji aliye peke yake katika jengo zima anahitaji watu wa kuwauliza saa anapokuta unga wa njano kwenye droo.

Na sheria. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni unataja pia madini adimu na vitu vya paleontolojia. Mwaka 2012 kiunzi cha dinosaria aitwaye Tarbosaurus kilinadiwa New York. Mongolia ikapinga, shauri likafika mahakamani, na mwaka 2013 kikarejeshwa kwao. Siku moja mtu mwenye tabasamu atawaletea kisukuku kizuri kama zawadi. Mwombeni karatasi kabla ya kumshukuru. Akikosa, mrudishieni mzigo wake hata kama mkubwa wenu ameshaandaa mahali pa kukiweka.

Nimalizie kwa deni langu. Vile visukuku 43 sikuviacha. Kwa miaka yote ile, nilipopata saa moja ya utulivu, nilirudi kwenye lile bakuli. Nililinganisha maelezo ya leja na maumbo ya magamba. Nilikwangua udongo kidogo uliokwama ndani ya kombe, nikatafuta chini ya hadubini foraminifera, viumbe wadogo mno wa bahari, wa kila tabaka. Vielelezo 31 vimerudishiwa lebo zao. Vimebaki 12. Viko kwenye droo ya chini kabisa, kila kimoja kwenye mfuko wake, na lebo 12 kwenye bahasha pembeni, pamoja na karatasi inayoeleza jinsi zilivyochanganyika, tarehe, na saini yangu. Ndani ya viwili kuna udongo mwekundu ambao sikuwahi kuupima. Atakayeajiriwa mahali pangu aanzie hapo.

Mzee wenu wa stoo