Zuhura, usiisubiri Disney

Maskati, Jumamosi usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Wazima huko? Mama anaendeleaje na miguu yake? Sisi wazima, alhamdulillah, joto limeanza kupungua na jioni tunakaa nje tena. Kimya changu cha tokea Mfunguo Tatu unisamehe. Kazi, watoto, halafu wageni wa Bi Kidawa waliokuja kwa wiki moja wakakaa mwezi mzima. Nitakuhadithia tukionana, leo nina jambo moja.

Ile sauti uliyoniletea nimeisikiliza mara tatu. Upatu wako unakufikia, na pesa zote unataka kuzifungia kabatini mpaka Disney ya Abu Dhabi, ile bustani ya michezo, ifunguliwe, kwa sababu Yusra ulimwahidi. Na Maulidi kakwambia haizidi miaka miwili. Zuhura, nakuomba kwa mapenzi yote niliyonayo kwako na kwa mtoto yule: usisubiri. Njoo Disemba hii.

Habari yenyewe ni ya kweli. Tarehe 7 Mei 2025 Disney na Miral, kampuni ya huko Abu Dhabi, walitangaza kuwa watajenga bustani hiyo pale kisiwa cha Yas. Itakuwa ya saba duniani, baada ya California, Florida, Tokyo, Paris, Hong Kong na Shanghai. Miral ndio watakaotoa pesa, wajenge na waendeshe. Disney wanaleta ubunifu wao na jina, na wanalipwa kwa hilo. Lakini siku ile tarehe ya kufungua haikutajwa. Bob Iger, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa Disney, alieleza kwamba kuchora peke yake ni mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, na kujenga ni miaka mingine kama mitano. Haya, jumlisha. Yusra ana miaka tisa sasa. Mimi nikikisia, mambo yakienda vizuri, ni 2032. Atakuwa na kumi na sita, na mdogo wake Suleiman kumi na mbili.

Na hapo nimesema mambo yakienda vizuri. Paris walitia saini 1987, wakafungua Aprili 1992. Bustani ya SeaWorld ya pale pale Yas ilitangazwa Disemba 2016, watu wakaingia Mei 2023. Warner Bros. ilianza kutajwa 2007, na mlango ukafunguliwa Julai 2018! Hao ndio waliofika. Dubai walitangaza Universal mwaka huo huo wa 2007, lango likajengwa, bustani yenyewe haikuja. Six Flags nayo ikafutwa 2019. Bollywood Parks ilifunguliwa kweli, mwisho wa 2016, na 2023 ikafungwa. Miral mimi nawaamini, maana wanachokitangaza hukimaliza. Lakini mtoto hakui kwa ratiba ya Miral.

Nikuhadithie kilichonifanya niwe mkali hivi. Mwaka jana tulikwenda, unakumbuka nilikuletea picha. Siku ya kwanza tuliingia Ferrari World, nayo iko pale pale Yas. Ilham wangu tokea tulipoondoka nyumbani alikuwa akiizungumza Formula Rossa, ile rola kosta inayokwenda kilomita 240 kwa saa. Tukapanga foleni. Mbele kasimama kijana na fimbo ya kupimia, na sharti ni sentimita 140. Ilham akavua ule mkoba wake wa mgongoni, akanyoosha shingo, akabana pumzi. Kijana akaubonyeza ushungi wake juu ya kichwa kwa vidole viwili, taratibu, kwa adabu, akatazama, akatikisa kichwa. Ilikuwa 138. Hakulia pale. Alikwenda akakaa kwenye benchi, akaanza kufungua na kufunga zipu ya mkoba, kufungua na kufunga. Tuliporudi Maskati nilimsimamisha kwenye mlango wa jikoni nikapiga mstari wa penseli, na kila mwezi anapima. Wiki iliyopita kavuka, 141.

Siku ya pili tulikwenda Warner Bros. Ile yote iko ndani, baridi ya kiyoyozi, hata Julai unatembea vizuri. Kuna upande wa Gotham, mji wa Batman, ambako ni usiku saa zote, Nassor wangu akanishika baibui mpaka tukatoka. Lakini alipomuona Tom, yule paka wa Tom na Jerry, alimkamata mkia akakataa kuuachia. Alikuwa na miaka minne. Kwake yeye yule ni Tom mwenyewe, katoka kwenye televisheni kuja kumuona. Ilham alisimama pembeni, akapiga picha, akasema, "Mama, mule ndani mna mtu, atakuwa anaona joto." Kumi tu, Zuhura, na tayari anamhurumia aliyemo ndani ya nguo. Ndiyo maana nakwambia, Suleiman wako ana mitano. Mwaka huu ataushika mkia. 2032 ataomba simu.

Sasa gharama, maana najua hapo ndipo unapokwama. Tiketi ya mlangoni watu wanaiogopa sana, na si yenye kuumiza. Bustani moja kwa siku moja pale Yas ni kama dirhamu 350, sawa na dola 95. Kwa riali zetu ni 36 na ushei. Wewe na watoto wawili, bustani mbili, ni dirhamu 2,100, yaani milioni moja na nusu kasoro kidogo kwa shilingi za huko. Ukinunua ya siku mbili kwa pamoja inashuka. Chini ya hapo usihangaike kutafuta punguzo, nguvu zako ziweke kwenye nauli. Nauli ndiyo inayomeza. Wiki ya Krismasi wanapandisha kila kitu, ndege na hoteli. Njoo mapema Disemba skuli zikifungwa tu. Ila usitue tarehe 2 wala 3, hiyo ni sikukuu ya taifa lao, nchi nzima imo mabarabarani. Baadaye kidogo, kabla ya wiki ya Krismasi, ndiyo nafuu.

Uliuliza kuhusu Paris kwa sababu Khadija yuko Leicester, Uingereza, na anaweza kuvuka akutane nanyi. Nimekufanyia hesabu. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka sita mpaka kumi na moja; wa mitano, kama Suleiman, hatozwi. Wakikunyima, pesa hairudi. Bado boti na malazi ya kwenda Dar kupeleka karatasi na alama za vidole. Disemba Paris ni baridi, utanunua makoti matatu mtakayoyavaa siku nne. Na Florida ndiyo usiiguse: maombi ya viza ni dola 185 kila kichwa, mtoto na mkubwa sawa, na tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom siku za Krismasi ni dola 200 hivi. Bustani hiyo hiyo ilipofunguliwa 1971 kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola tatu na nusu. Nilipoisoma hiyo nilimsomea na Baba Ilham, akaniambia nirudie.

Huku kuna mie. Kitanda bure, chakula bure, dereva bure. Nilikuwa nimepanga mshukie Maskati, tuje twende sote kwa gari, kisha turudi. Halafu usiku nikakumbuka: viza ya Omani ikiwa ni ya kuingia mara moja, ukitoka kwenda Abu Dhabi imekwisha, kurudi ni viza nyengine. Kwa hiyo geuza. Ingia kwa mlango wa Abu Dhabi, utokee mlango wa Maskati. Tiketi ya ndege ukate hivyo hivyo, kwenda Abu Dhabi, kurudi kutoka kwetu. Sisi tutatoka huku alfajiri, tupite Suhar na Buraimi tuvukie Al Ain, adhuhuri tumeshafika kukupokeeni. Petroli tunajaza Buraimi kabla ya kuvuka, upande huu lita ni baisa 229 na kule ni ghali zaidi. Bima ya gari ya kuvukia mpaka nitaikata mimi. Kutoka Imarati kwa barabara wanatoza dirhamu 35, hiyo iweke pembeni usije ukaitumia kwa aiskrimu. Tutalala mjini, si Yas penyewe, usiku mbili tu, halafu sote nyumbani Maskati wiki nzima.

Na chakula, tafadhali: ndani hawaruhusu cha kutoka nje. Mwaka jana nilikuwa na sambusa arubaini, zikabakia garini. Saa nane mchana tulitoka tukazila maegeshoni, buti wazi, watoto wamekaa kwenye ukingo wa gari miguu inaning'inia. Nassor mpaka leo akiulizwa safari ilikuwaje anaanza na sambusa.

Unasema moyo wako uko kwa Disney yenyewe, kwa ile kasri, kwa sababu tokea tuko wadogo... Najua. Nakumbuka lile daftari lako lenye picha ya kasri kwenye jalada, ulivyokuwa ukilifunika kwa karatasi za khaki lisichafuke. Na nakumbuka tulivyokuwa tukihesabu pesa za sikukuu mkononi, mimi na wewe, pale Kariakoo ya Unguja kwenye pembea: tukipanda mara mbili hatubakiwi na pesa ya urojo, tukipanda mara moja tunabakiwa. Kila Idi tulipanda mara mbili. Wala sisemi kasri usilione. Nasema lisile miaka ya Yusra likiwa bado halijajengwa.

Nikikisia mbele, naona hivi. Ile sehemu ya Harry Potter waliyoitangaza Warner Bros. mwaka 2022 itafunguliwa kabla ya Disney, na Yusra kwa jinsi anavyosoma itamfaa akiwa mkubwa kuliko hata kasri. Reli ya Hafeet, ya kutoka Suhar mpaka Abu Dhabi, inajengwa sasa hivi. Wanasema abiria watakwenda kwa saa moja na dakika arubaini. Ikikamilika, hata gari hatuhitaji kulisumbua mpaka mwisho. Na ile viza moja ya nchi zote sita za Ghuba, waliyokubaliana 2023, ikianza kweli, suala la mlango gani uingie na upi utokee litakuwa limekwisha. Mambo yote hayo yatazifanya safari za baadaye kuwa rahisi. Tiketi za mlangoni ndizo ninazohofia, Disney ikiingia pale sioni zikibaki kwenye 350.

Kitu kimoja kilinigusa. Disney walisema theluthi ya watu wa dunia wako ndani ya saa nne za ndege kutoka Abu Dhabi. Nikahesabu Unguja kwa vidole: saa tano na zaidi. Kwa hiyo hesabu yao haikututia sisi, Zuhura. Anayewahesabu watoto wako ni mimi, na mimi nawataka Disemba.

Pesa za upatu hazihitaji kwisha zote. Kwa hesabu yangu utabakiwa. Kitakachobakia ndicho ukifungie, hicho ndicho cha Disney, na Yusra mwambie hivyo hivyo bila ya kumficha: mwaka huu ni Tom na Jerry na pengwini wa SeaWorld, kasri linajengwa. Ahadi hujaivunja.

Sasa nijibu, usinijibu kwa sauti ya dakika moja ukiwa kwenye daladala. Pasi ya Suleiman inakwisha lini? Ikiwa ndani ya miezi sita, kesho nenda. Baba Yusra atapata ruhusa au mtakuja watatu? Skuli yao inafunga tarehe ngapi khasa? Wapime watoto, bila ya viatu, uniandikie kwa sentimita. Yusra anaogopa kasi au ni kama wewe? Mama atakaa na nani, Bi Kidawa ameshaulizwa? Ukija, embe boribo zitakuwa zimeanza? Mbili tu, zilizofungwa kwenye gazeti, nizinuse. Na lile daftari, unalo bado?

Wako,
Mwanajuma

Ilham anasema nikuandikie kwamba atampeleka Yusra mpaka kwenye fimbo mwenyewe.